Upatu wa Inspekta

Watu watano tuna mwanamke mmoja,
tunamchezea upatu.
Kila Alhamisi ya pili, juu ya duka la fundi viatu,
mtaa wa Avotu, Riga,
anamwangukia mmoja wetu,
naye anakwenda naye nyumbani,
anampa maiti, anampa mvua,
anamrudisha amechoka.

Jina lake Inspekta Zute.
Tulilipigia kura kwa njegere kavu
ndani ya kofia ya Imants.

Skaidrīte, mfamasia mstaafu, hajui kifo kisicho cha sumu;
ukila keki katika sura zake, umekwisha.
Imants anaendesha tramu:
wauaji wake wote hukamatwa kituoni, dakika kamili.
Ausma alimpa Zute mguu wa kushoto wenye kuchechemea.
Rūdis, miaka kumi na tisa, hakulisoma daftari,
akamchechemeza wa kulia.
Tulizozana mpaka fundi viatu akagonga dari lake kwa nyundo.
Ndipo Ausma akasema: hachechemei. Anaigiza,
ili washukiwa wamwone mnyonge.
Tangu siku hiyo
anatutisha kidogo.

Sheria zetu ni chache.
Haruhusiwi kufa. Haolewi bila kikao.
Atakayekosa kikao ataleta mkate mweusi
na jibini ya kisibiti.

Mimi nilimpa koti.
La sufu, la kijani, vifungo vya pembe,
ila cha tatu: cha shaba, si cha ukoo wao.
Sikuwaambia kwamba koti lenyewe lipo,
linaning'inia nyuma ya mlango wangu
tangu Februari ile dada yangu Velta alipolivua
na asilivae tena.
Kila nilipoandika *akafunga kifungo cha tatu*
nilikuwa namfunga mtu mwingine
asipigwe na baridi.

Sura ya tisa, zamu ya Imants,
koti likaungua.
Aya mbili tu: bohari kando ya Daugava, petroli,
Inspekta anaponea dirishani na shati lake.
Wote wakapiga makofi.
Nami nikapiga. Yangu yalichelewa,
kama mwangwi.

Wapishi wengi, wamesema wahenga.
Hawakusema inakuwaje mmoja akitia chunguni
kitu asichotaka kiliwe.

Nikakosa vikao viwili. Mafua, nikasema.
Cha tatu nikaleta mkate wa faini, nikakaa pembeni
karibu na dirisha lisilofunga vizuri.

Alisoma Rūdis. Yule asiyesoma daftari.
Sauti yake bado haijaamua ni ya mtoto au ya mtu mzima.
Inspekta amerudi bohari. Theluji imelala juu ya majivu.
Anapiga goti (goti lipi, hakusema),
anachimba kwa kucha.
Hatafuti ushahidi, kesi ilishafungwa.
Anapata kifungo. Kimoja. Cha shaba.
Anakitia mfukoni
na hamwambii mtu.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.
Imants akaigeuza kofia yake, akaigeuza tena.
Skaidrīte, kalamu mkononi:
"Na hicho kifungo, kinamfunga nani?"
"Hakimfungi mtu," Rūdis akasema,
akanitazama mara moja tu,
kama mpelelezi anavyomtazama shahidi
ambaye hamhitaji tena.

Nilikumbuka nikiwa kwenye tramu,
bahasha ya Zute mapajani, zamu yangu:
Novemba kijana alikuja kwangu kuchukua daftari.
Alisimama mlangoni. Nilikwenda kutafuta miwani.
Nilichelewa.

Nikafika. Nikasukuma mlango polepole,
koti likagonga ubao kwa nyuma, tok, tok,
kama mtu aliyekuwa anasubiri kuhojiwa.
Nikahesabu vifungo.
Vyote vilikuwepo.
Sijui kwa nini nilihesabu.