Madaraja

Mimi ni karani wa mizani, kiwanda cha kubangua, Masasi.
Naandika kilo, siandiki watu:
namba ya meza, uzito wa nzima, uzito wa vipande,
saini.

Meza ya kumi na saba ni ya Somoe Nachundu.
Vidole vimebabuka kwa utomvu wa maganda, kama vyetu sote,
jivu kiganjani, mafuta ya nyonyo kwenye kopo la maziwa,
na kisu chake hupita kwenye mshono wa korosho
kama mtu afunguaye barua asiyotaka kuichana.
Nzima, nyeupe. Nzima, nyeupe.
Hakuna anayemfikia.

Honi ililia saa sita, tukainuka watu mia mbili.
Yeye alibaki ameinama
mpaka vivuli vyetu vimpite mezani.
Msimamizi Chilumba alikuwa na mzaha wake wa kila siku:
"Asiyesikia la mkuu..."
na ukumbi mzima ukamalizia.
Nami nilimalizia. Acha niliandike na hilo.

Ewe lugha yangu, umejaa masikio!
Sikio la kufa, sikio lisilopita kichwa,
kila kiziwi umemwekea akiba ya kijembe.
Mbona mwenye sauti asiyesema
hukumtungia kitu?

Mwezi wa tatu tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti:
wanane wataenda Mtwara kujifunza mashine mpya,
anayetaka apeleke jina kabla ya Ijumaa.
Jumatatu Somoe akaja kwangu na daftari la mwanawe,
akaandika kwa penseli, herufi zimesimama wima:
KARANI, MLISEMA NINI?

Mlisema.
Wingi ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nyuma yake, ukutani, bango la menejimenti: Kazi kwa Wote,
limechorwa mikono ya rangi nne iliyoshikana,
laini yote,
hakuna hata mmoja uliowahi kugusa ganda la korosho.

Nilipanda ofisini. Bwana Mwambe akasema nafasi zimejaa,
akasema pole, akasema tutaangalia.
Nikashuka kwa Chande, fundi umeme.
Alivuta waya mmoja kutoka kwenye honi
akaufunga balbu nyekundu juu ya meza ya kumi na saba.
Risiti ninayo: shilingi elfu nne na mia tano.
Somoe ana miaka sita hapa.
Elfu nne na mia tano.

Tukaanza kujifunza mikono yake.
Chai. Subiri. Mshahara. Umenidanganya.
Mimi mzito, vidole vyangu vina kigugumizi;
alinicheka hadi akalowesha macho.

Halafu umeme ukakatika, Alhamisi moja ya joto.
Honi kimya, balbu giza,
nasi tukabangua na kubangua, wenye masikio yetu mia nne,
tusijue saa imekwenda wapi.
Somoe akatazama jua lililoingia kwa tundu la bati,
likifika ufa wa tatu sakafuni.
Akasimama. Akainua mkono:
Chai.
Tukamfuata nje, Chilumba akiwa nyuma kabisa
na kofia yake mkononi.

Chumba cha kupanga tunazitenga kwa madaraja:
nzima, nusu, vipande, zilizoungua.
Nimekaa na neno hilo miaka yote
nikasahau kuwa liko pia njia ya Nachingwea,
zege juu ya mto Lukuledi,
na halimuulizi mtu daraja lake kabla hajavuka.

Mkalimani bado hatuna. Bajeti, wanasema.
Mzaha wa Chilumba hausikiki siku hizi,
sijui kama umekufa au umehamia zamu ya usiku.
Ila mafunzo yamerudi, nafasi nne,
na safari hii tangazo limebandikwa mlangoni.
Nimeliandika mimi,
kwa penseli,
herufi zimesimama wima.