Risiti ya Mafuta

Bwana Ndekirwa, mhasibu wa ruzuku ndogondogo,
barua yako yenye mstari mwekundu nimeipata.
Unauliza shilingi elfu arobaini na mbili
za tarehe kumi na tisa, Chekereni, zilikwenda wapi.

Zilikwenda matumboni.

Lakini nianze na zenye risiti, usije ukaniona sina adabu:
vikopo vya plastiki mia tatu, duka la nyuma ya stendi ya Moshi;
karatasi za chujio; sabuni ya miche;
petroli ya pikipiki ya Elinami,
aliyepasukiwa na tairi kwenye tope la majaruba
na hata kiraka hakutudai.
Hadubini tuliazima. Jicho lake moja ni bovu,
kwa hiyo mwaka mzima ugonjwa huu nimeusoma kwa jicho la kushoto.

Mkojo wa kichocho haukingwi alfajiri, Bwana.
Mayai hushuka jua likiwa utosini.
Basi saa sita tukawapanga watoto nyuma ya darasa la nne,
kila mmoja na kikopo chake na namba yake,
wanacheka, wanachunguliana:
Changu chai ya rangi! Changu soda ya chungwa!
Anzameni, miaka tisa, hakucheka.
Chake kilikuwa juisi ya rozela.
Akanitazama, akaniambia taratibu, kama anayenitoa hofu mimi:
"Wavulana wote wa mferejini tuko hivi, dada. Ni kukua."

Ni kukua.
Neno hilo sikuliingiza kwenye jedwali. Halikuwa na safu.

Juma la pili tukarudi na vidonge
na ule mti wenye alama za kupimia kimo:
kichwa kikifika hapa viwili, kikifika hapa vitatu.
Dawa hii ni chungu, na haitaki tumbo tupu.
Nikauliza: nani amekula asubuhi?
Umewahi kuona mikono mia mbili na kumi ikitulia?
Ikanyooshwa kumi na saba,
na miwili kati ya hiyo, nadhani, ilikuwa ya fahari tu.

Bajeti mliyoipitisha ina "viburudisho vya kikao",
vya watu wazima, wanaokaa.
Andazi la mtoto aliyesimama kwenye foleni halimo.

Nje ya lango la shule Mama Nakijwa ana karai na mafiga yake.
Nikamwambia nataka mia mbili na kumi.
Akanitazama kama mtu aliyekuja kununua mvua.
Kisha akafunga kanga kiunoni,
akamtuma mjukuu unga, akamtuma tena,
akakanda, akakata, akakaanga mpaka saa tisa,
moshi ukimliza, naye akiuambia moshi: nenda kwenu huko.
Mia mbili kwa andazi. Piga hesabu mwenyewe.

Nilimwomba risiti. Mashine hana, kitabu hana,
kalamu aliiacha darasa la pili.
"Kidole ninacho," akasema,
akakigandamiza kwenye kipande cha mfuko wa unga.
Nimekiambatisha. Nimeandika juu yake "risiti ya mafuta";
sikusema petroli.
Kwenye meza yako kitaonekana kitupu.
Kishike dirishani:
mwanga utapita pale dole gumba lilipogusa,
mistari yote, hata kovu la kisu.

Ruzuku imekwisha tarehe thelathini. Mfereji haujaisha.
Konokono wamo, na Anzameni, nina hakika,
alasiri hii yumo mpaka kiunoni.
Ukitaka kunikata mshahara, kata.
Ila pale kwenye maelezo usiandike "matumizi yasiyojulikana".
Andika: walimeza mia mbili na kumi.
Mmoja akatapika, akapewa tena,
na andazi la pili juu yake.

Hilo la pili Mama Nakijwa hakulidai.