Punje Saba

Barua ya uhamisho ilikuwa na mistari minne.
Mume wangu aliisoma amesimama;
mimi nikauliza kama Ihumwa kuna soko.

Sasa ni mwezi wa tano.
Midomo imepasuka, kope zina vumbi jekundu,
na usiku, jamani, usiku!
Magomeni nililala ukuta kwa ukuta na Mama Shamte,
kikohozi chake nakijua, ugomvi wake, redio yake.
Hapa jirani ni taa moja, kule,
na kati yetu mawe ya mipaka ya viwanja
ambavyo wenyewe hawajaja kujenga.

Upepo ndio unaopiga hodi.
Wa kwanza kupiga kwa mkono alikuwa Mama Ndahani.
"Mbukwenyi," akasema,
nami nikaitikia "Marahaba"
kabla sijajua nimesalimiwa nini.
Aliniachia mlenda mkavu kwenye kikombe cha bati.
Nikauweka juu ya friji
kama barua ya mtu nisiyemjua.

Mama akipiga simu namwambia:
usikate, weka dirishani,
nisikie bajaji.

Jana nikipika (mlenda, ndiyo, basi)
nilitikisa kikopo cha chumvi, kifuniko kikatoka,
nusu chunguni, nusu mezani,
nyepesi kama mchanga.
Pwani chumvi hutoka jasho, huganda,
ndiyo maana tunaitilia mchele.
Hapa haidai kitu.

Tulikula hivyo hivyo, tukinywa maji.
Kisha nikazoa ya mezani, nikairudisha.
Punje za mchele zilikuwa saba.
Nikazirudisha nazo.