Chumba cha Kusubiria, Valga

Vyuo vitatu vya nchi tatu jirani
vilibishana miezi minne juu ya viti:
nani alete viti, nani agharimie supu,
bango liandikwe kwa lugha ipi kwanza.
"Falsafa itoke madarasani, ikakae na watu,"
ndivyo ilivyosema barua yenye mihuri mitatu.

Mimi ndimi niliyebeba viti.
Ishirini na viwili, vya kukunja, kimoja kibovu.
Nikavipanga stesheni ya Valga, mpakani,
ambapo treni ya kutoka Riga hukomea
na ya kwenda Tartu bado haijaja.
Mji wenyewe umekatwa katikati:
mkate hununuliwa huku, huliwa kule.
Januari. Theluji imelala relini
kama deni la zamani.

Profesa Heldur alianza na uhuru.
Akaupandisha, akaushusha, akaugawa mara nne.
Dzidra akatafsiri, Rimvydas akaitafsiri tafsiri,
na uhuru ukaifikia safu ya nyuma
umeshapoa, kama uji wa mgonjwa.
Mzee mmoja alikuwa akisoma ratiba, kituo kwa kituo.

Ndipo Aliide, msafisha madirisha,
aliyekalia kile kibovu kwa kuwa sikumwonya,
akainua mkono unaonuka siki.

"Nikilisugua dirisha likang'aa,
ndege hajui kama lipo, hujibamiza.
Nikiliacha na vumbi, nakatwa mshahara.
Jumanne nimemzika kigong'ota,
nimemzika kwenye theluji, maana ardhi ilinikatalia.
Basi niambieni ninyi mliosoma:
kosa ni la kioo, la mshahara,
au la mkono huu?"

Dzidra alifungua mdomo atafsiri, akaufunga.
Heldur akavua miwani, akaifuta,
akaitazama ilivyo safi,
akasita kuivaa.

Mzee akaiacha ratiba. "La ndege," akasema kwa Kirusi,
"kigong'ota mzima hajui kugonga?"
Mama mwenye gunia la viazi akamkemea:
"La aliyejenga ukuta wa kioo
na hakai hapa!"
Rimvydas akasema, taratibu, kama anayepapasa njia gizani,
kwamba huenda kosa likakosa mwenyewe
na mzigo ukampata wa kuubeba.
"Huo nimeubeba," Aliide akajibu. "Ulikuwa gramu themanini."

Treni ya Tartu ikaja, ikapiga honi.
Saba hawakuinuka.
Wengine walipanda wakibishana,
mlango ukawafungia maneno nusu ndani, nusu nje.

Kwenye ripoti niliandika: mahudhurio thelathini na mmoja,
supu ilitosha.
Hapakuwa na safu ya kuandikia ndege.

Alfajiri nilirudi kukusanya viti.
Dirisha lilikuwa jeupe, limesuguliwa pembe hadi pembe,
ila katikati, usawa wa kuruka kwa ndege,
alama ya kiganja, kizima, cha sabuni,
imeachwa ikauke
kama muhuri wa nne.

Nikahesabu viti: ishirini na kimoja.
Kile kibovu sikukiona.