Fomu ya Mkopo, Newala

Karani wa benki ananigeuzia fomu,
kidole chake kimetua kwenye mstari mfupi:
*Kazi ya mwombaji.*
Mstari wenyewe hautoshi hata jina la chuo.

Niandike nini, kaka Mnyambe?
Niandike mhandisi wa vyombo vya anga,
halafu uchungulie dirishani ukitafuta ndege?
Pale nje ipo pikipiki yangu,
na nyuma yake, kwa mpira wa baiskeli,
nimefunga bomba la kupulizia salfa
la Bi Chihumbwe wa Kitangari.

Miaka mitano nilisoma hewa.
Hewa tu: inavyolilamba bawa,
inavyokubali kuinama, na pembe ikizidi
inagoma, inajitenga, chombo kinaanguka.
Tuliitilia moshi mweupe ndani ya handaki la kioo
tukaiona inavyopita, nyuzi nyuzi,
kama mtu anayemchana nywele mwanawe.
Baba aliuza eka mbili na nusu za mikorosho
ili mimi nikautazame ule moshi.

Nikarudi. Kiwanda cha ndege hakikuwapo,
wala sikukitarajia, usidhani.
Nilituma barua kumi na saba. Moja ilijibiwa:
wakanitaka nikauze tiketi.
Mama, ambaye hana simile,
alisema huku anapepeta mtama:
"Ulikwenda kusomea kupaa.
Basi panda hata kitandani, ulale."

Ilikuwa Julai, ukungu umelala
mpaka ukingoni kule Shimo la Mungu.
Alfajiri, kabla upepo haujaamka,
mjomba Lipande yuko shambani na bomba mgongoni,
salfa inamrudia usoni yeye mwenyewe,
na kule juu, kwenye maua,
ambako ubwiriunga unakula,
hakifiki kitu.
Nikamwambia, zima.
Nikafungua feni. Mapanga yake yamelika
upande mmoja kuliko mwingine,
na mdomo wa bomba kama uliokatwa kwa hasira.

Nakwambia kaka, wakati ule
sikufikiria bawa. Nilifikiria macho ya mjomba.
Bawa lilikuja lenyewe, baadaye,
mkono ukiwa umeshashika tupa.
Nikakwangua chuma chembe kwa chembe,
nikaizungusha feni juu ya msumari, nikakwangua tena
mpaka ikawa haijui upande wa kuangukia.
Mdomo nikaufinya kwa bati la debe.
Mara ya kwanza ukapasuka.
Mara ya pili ukazomea tu, watoto wakacheka.
Mara ya tatu salfa ikapanda.

Ikapanda njano, nyuzi nyuzi,
ikauzunguka mkorosho, ikauchana nywele,
na mimi nimesimama ndani ya lile handaki
bila kioo chake.
Mjomba akasema, "Sasa hili ndilo bomba,"
akaomba maji ya kunawa. Hayakuwapo.

Tangu hapo wananiita Rubani.
Wengine kwa heshima, wengine, basi tu.
Mabomba sitini na mawili msimu uliopita;
matatu yalinishinda, moja nililiharibu mwenyewe
nikalilipa kwa kilo arobaini za korosho.
Mwenzangu wa darasani, Ngollo, yuko Dodoma,
anakadiria hasara kwenye kampuni ya bima.
"Hesabu ni zilezile," aliniandikia,
"ila siku hizi nikikosea haanguki mtu."

Usiku mwingine hupita taa nyekundu juu,
inakwenda kusini, Msumbiji au mbali zaidi.
Najua hewa inafanya nini chini ya mbawa zile,
na koo linanikaba. Sitasema uongo.
Kisha najiambia ni salfa.
Huenda ni salfa.

Kaka, foleni nyuma yangu ni ndefu.
Andika tu: fundi.
Hapana, subiri. Acha wazi kwanza.
Niambie, mashine ya kusawazishia feni
inaruhusiwa kuwa kifaa cha kilimo,
au nayo itaulizwa ndege yake iko wapi?