Usilete wa Alfajiri

Nilimwambia wazi: Manda, usilete wa alfajiri.
Seli zilizolala kibofuni usiku kucha
huja zimechakaa, hazisomeki.
Kunywa maji, tembea mpaka banda la nguruwe, rudi,
ule wa pili ndio tunaoutaka.
Akanitazama kama ninayemfundisha kukamua ng'ombe.

Akauleta kwenye chupa ya jemu.
Kibandiko kipo bado: plamu, mwaka wa mafuriko.
Dereva alicheka tangu kijijini
hadi daraja la Sava.
Kanuni inasema umwagwe.
Sikuumwaga.

Huku kwetu ugonjwa ulikuwa na nyumba zake.
Watu walizihesabu: ile ya akina Tunjić, ile ya kona,
ile ambayo wanaume hawafiki sitini.
Wakasema kisima. Wakasema laana ya bibi mmoja.
Kumbe mkate.
Ngano ilivunwa pamoja na gugu,
unyayo wa mbwamwitu, ndivyo tunavyoliita,
mbegu zake zikasagwa humo humo,
zikaumuka, zikaokwa,
zikapakwa mafuta na chumvi,
tukapewa tukitoka shule.
Hakuna aliyetutilia sumu.
Tulikula, tukaomba kipande kingine.
Miaka thelathini, arobaini,
figo zinakumbuka.

Manda haumwi popote.
Hana damu, hana homa, ana kuku hamsini.
Mficha maradhi husutwa, sawa,
lakini asiyejua anayo, anaficha nini?

Usiku, maabara ya Slavonski Brod.
Mashine inazungusha, tone linatua kiooni,
buluu kwanza, halafu rangi ya chungwa.
Seli njema hutandaza kama visahani,
kiini kidogo katikati, kimetulia.
Nasogeza kioo kushoto, kulia,
kama mtu anayechambua maharage,
kazi ambayo hatukuifanya kwa ngano.

Kisha moja.
Kiini kimevimba, cheusi,
kimeijaza nyumba yote, kingo zimetafunwa.
Moja tu. Nikamtafuta ndugu yake saa nzima,
na sijui kama nilitaka kumpata.

Fomu ina ndiyo, ina hapana,
na katikati yake maneno
tunayoyaandika mkono ukiwa mzito:
si ya kawaida, rudia.

Asubuhi nikampigia.
"Lete tena, Manda. Siku tatu mfululizo."
Kimya. Redio yake ilikuwa ikitaja bei ya mahindi.
"Kwenye chupa ya jemu?"
"Kopo, Manda. Lile nililokupa."
"Lile nimetilia vifungo."
"Basi vimwage."

Hakukata simu.
Nikavisikia vikianguka mezani,
kimoja, kimoja,
naye akivihesabu.