Safu ya Tatu

Barabara ya nyuma ya soko la Kibaigwa imefungwa
kwa kamba ya katani na matairi mawili ya fuso.
Lori likitaka kupita, lizungukie mashine ya alizeti.
Leo barabara ni ya masufuria.

Kumi na moja. Nimeyahesabu mara mbili, ni mazoea:
mimi ndiye mpima mizani wa soko la mahindi,
nikiona mtu namkadiria kilo.
Leo nimepewa daftari jingine. Safu ya kwanza, jina.
Ya pili, ladha. Ya tatu, ukali.
Nikauliza, ukali tunaupima kwa nini?
"Kwa macho, Ndahani," mtendaji wa kata akasema.
"Andika unachokiona."

Upepo wa Agosti haukualikwa, umekuja hivyo hivyo
na pumba za mashine na vumbi la Kongwa nzima.
Akina mama wanafunika kwa kanga, wanafunua, wanafunika.
Mbele ya duka la mbolea muheme imeanza,
ngoma zimebanwa mapajani, mabega yanatetema.

Perisi Chilewa kapika maharage kwa karanga za kusaga;
pilipili kichaa kazikaanga nzima nzima
hadi zikalia kwenye mafuta.
Damari wa kituo cha mabasi kaleta mlenda.
Watu wakacheka, mlenda na pilipili wapi na wapi,
mpaka walipochovya tonge la uwele
na kicheko kikakatika kama umeme.
Bi Foibe hasemi alichotia.
"Kula kwanza. Maswali yana foleni yake."

Kuna mtoto anauza mtindi kwa kikombe:
saa nne, mia tatu. Saa sita, mia tano.
Baada ya sufuria la Bi Foibe, elfu moja,
na hakuna aliyebishana.

Sasa niseme nilichokiona, maana niliambiwa niandike.

Sakalani Mhawi aliuza magunia arobaini mwezi wa sita
kwa bei ya kutupa. Naijua, niliiandika mimi.
Alionja maharage ya Perisi, machozi yakamtoka.
Wakampigia makofi: "Kali hiyo! Kali!"
Akapenga kamasi, akacheka, akarudi mwisho wa foleni.
Akaonja tena, akalia tena.
Mara ya tatu kijiko alichopeleka mdomoni
kilikuwa kitupu.

Kisha nikaanza kuwaona na wengine.
Dereva wa Singida, ambaye mzigo wa vitunguu
ulimzuia kumzika mama yake.
Mwalimu Chiduo, sijui ana nini, sikuuliza.
Kwetu mwanamume halii. Msibani anakohoa tu,
njaa ikiingia anatazama kilima.
Leo ruksa. Leo ukiulizwa,
sababu iko kwenye sahani.

Pilipili usiyoila yakuwashia nini?
wahenga walituuliza, wakaenda zao
bila kusubiri jibu.
Mimi sikuonja hata moja; mpimaji hali anachopima.
Lakini kwenye safu ya tatu
tarakimu zikaanza kuogelea.

Kashinda Damari, kwa mlenda ule ule.
Kapewa sufuria jipya na mfuko wa chumvi,
sufuria kalivaa kichwani kama kofia ya askari.
Bi Foibe anasema waamuzi hawana ulimi,
anasema hivyo hadi saa hii ninapoandika.

Jioni tumefungua kamba.
Lori la kwanza limepita juu ya maganda ya vitunguu.
Perisi anasugua kwa majivu, hainui kichwa.
"Mhawi alirudi mara ngapi?"
"Tatu."
"Ya tatu sikumpakulia. Maharage yalikuwa yameisha.
Nikamwachia asimame."

Akakwangua ukoko, akaujaza kikombe cha mtindi,
akafunika kwa sahani, akanipa.
"Unapita kwake. Mwambie mashindano yamekwisha,
lakini huu bado unawasha."
Kwa mkono nikakadiria: robo kilo, na kidogo juu.
Sikuandika.